Sura ya Saba: Karatasi Isiyo na Jina

Inspekta Revocatus Kashindye alikuwa na saa tano tu za kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe alikuwa amekosea.

Saa nane mchana wa Jumatatu hiyo, Sabina Mhoja angepandishwa kizimbani kujibu shtaka la kuiba daftari la marehemu Mwalimu Masalu kutoka katika chumba cha nyaraka kilichoko mlimani Isamilo, chumba alichokitunza kwa miaka kumi na tisa. Hati iliyompeleka mahabusu ilikuwa na sahihi ya Kashindye. Ilikuwa sahihi nzuri, iliyonyooka, ya mtu aliyefundishwa kuandika na mapadri wasiovumilia doa la wino. Lakini uzuri wa sahihi hauponyi ubaya wa neno lililo juu yake.

Akaagiza aletwe ofisini. Sabina aliingia peku, kanga ikiwa imekazwa mabegani, akasimama mbele ya meza kama mtu aliyekuja kudai.

"Shikamoo, Inspekta."

Kashindye hakuitarajia salamu hiyo. "Marahaba, mama. Keti."

"Nimeketi sakafuni tangu Jumamosi. Nitasimama."

Inspekta akatoa bahasha, na ndani yake kipande cha karatasi nyeupe, kirefu kama kidole, kilichokatwa kwa kunyooka. Akakiweka mezani.

"Nilikukamata kwa sababu ya hiki. Ndani ya kasha, kati ya daftari la kumi na tatu na la kumi na tano, mahali pa la kumi na nne palikuwa na karatasi hii. Mwizi wa kawaida haachi alama mahali alipoiba. Nikasema, huu ni mkono wa mtunzaji."

"Ulisema. Hukuniuliza."

"Ninakuuliza sasa."

"Igeuze. Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Na upande wa pili?"

"Hakuna kitu."

"Nenda ukafungue kasha lolote mle ndani," alisema Sabina. "Karatasi zangu zote, ninazoweka mahali pa kitu kilichotolewa, zina jina la msomaji na tarehe. Hata askofu alipokuja kuangalia picha moja kwa dakika mbili, niliandika jina lake, akacheka. Miaka kumi na tisa sijaweka karatasi isiyo na jina. Aliyeiweka hiyo alijua kazi ya karatasi, ila hakutaka kazi yake ikamilike."

Kashindye alikitazama kile kipande. Siku ya Ijumaa kilimtosha kuwa ushahidi. Sasa kilikuwa kikimtazama.

"Ndani ya daftari kulikuwa na kitu kingine, zaidi ya maandishi ya marehemu?"

"Kulikuwa na barua."

Inspekta akaweka kalamu chini. Neno hilo halikuwamo katika maelezo yake.

"Mbona hukuisema?"

"Askari wako aliniuliza funguo ziko wapi, na kama nina mume. Barua hakuiuliza." Sabina alivuta pumzi. "Ilitoka kwa mjane wa marehemu, mama Rebeka, kule Nansio. Nilimwandikia mwaka jana kumwuliza swali moja. Katika daftari lile Mwalimu Masalu anabishana na mtu tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, na hamtaji. Anamwita tu 'yule asemaye'. Nikamwuliza mjane ni nani huyo. Jibu lake lilikuja na meli Jumatano, saa kumi alasiri. Niliisoma, nikaitia mwishoni mwa daftari, nikafunga kasha. Sikumwambia mtu, maana nilitaka kwanza kuinakili kwa utaratibu."

"Na daftari lenyewe, aliyeliomba mara ya mwisho ni nani?"

"Dokta Rutashobya, Jumatano hiyo hiyo asubuhi. Baada yake hakuna."

"Mama Rebeka alisema yule asemaye ni nani?"

Sabina akafumbua mdomo. Kashindye akainua mkono upesi.

"Hapana. Usiniambie." Akamsukumia karatasi na kalamu ya risasi. "Andika hapo, ukunje mara nne. Nikilijua jina hilo litanichuruzika katika maswali, na ninayemhoji ataliokota kwenye ulimi wangu. Nataka nilisikie kwake."

Kwa mara ya kwanza Sabina alimtazama kama mtu atazamavyo jembe ambalo huenda bado linafaa. Akaandika, akakunja, akampa. Kashindye akaitia karatasi katika mfuko wa shati na kuufunga kifungo.

Rejista ya Alhamisi, siku moja kabla ya daftari kugunduliwa kuwa limepotea, ilikuwa na majina mawili tu. Wote wawili walikuwa wasomi kutoka Chuo Kikuu, wote wamekuja kwa ajili ya mkutano wa pamba ambao ungefanyika Jumanne, mjini Mwanza. Serikali ilikuwa imekwisha kuwafungulia mlango wanunuzi binafsi. Wakulima wa mkoa walitaka kujua ni mlango au ni shimo. Dokta Deodatus Rutashobya angezungumza kama mchumi. Dokta Masele Shimba angezungumza kama mwanahistoria. Na wote wawili, kila mmoja kwa namna yake, wangemzungumzia Mwalimu Masalu, ambaye mwaka 1952 aliandika juu ya bei ya pamba wakati wenzake wakiandika barua za posa.

Alhamisi hiyo, saa nne na nusu, maji yalitoka Isamilo baada ya siku tatu za ukame. Sabina alichukua ndoo akakimbilia bombani kama mlima mzima ulivyokimbia. Funguo aliziacha mezani. Umeme ulikuwa wa mgawo na chumba kilikuwa na kiza cha wastani. Wasomi wawili walibaki ndani, kila mmoja nyuma ya rafu yake.

Sasa, Jumatatu saa nne asubuhi, Kashindye alikuwa ameketi katika chumba hicho hicho, na mbele yake Dokta Rutashobya, mtu mrefu mwenye suti ya kijivu na saa ambayo aliitazama kila baada ya sentensi.

"Afande, kesho nazungumza mbele ya watu mia tatu, nawe unaniweka hapa kwa ajili ya daftari moja?"

"Kwa ajili ya mwanamke mmoja," alisema Kashindye. Akafungua hotuba iliyopigwa chapa, ambayo msomi huyo aliigawa kwa waandishi wa habari tangu Jumamosi. "Ukurasa wa tatu. Umemnukuu marehemu: 'Mkulima apate wanunuzi wengi, naye atapata bei ya haki kwa kila kilo.' Mwaka 1952 nilikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili kule Kisesa, nikibeba pamba ya baba yangu kichwani mpaka kwenye mizani. Hakuna aliyepima kwa kilo. Tulipima kwa ratili. Maneno haya umeyatoa wapi?"

Swali hilo alikuwa amelinoa tangu Jumapili baada ya misa. Mtu aliyetunga maneno na kumbandikia marehemu angekuwa na sababu njema ya kulipoteza daftari, asije mtu akalinganisha.

Rutashobya hakushtuka. Alicheka.

"Hicho ndicho kisa? Aliandika ratili, mimi nikaweka kilo. Kesho nani ataijua ratili, zaidi yako na wazee wawili wa Magu? Fikra ni kama mtu, Afande. Ukimvua kaptula ukamvika suruali, anabaki yule yule."

"Kwa hiyo ulibadili maandishi ya marehemu."

"Nilimtafsiria. Ningemwacha na ratili zake angebaki makumbusho. Mimi nikishika maandishi ya zamani nina swali moja tu: alichosema ni kweli, au si kweli? Kama kilikuwa kweli mwaka 1952, ni kweli leo, na kinafaa kutumika. Kama si kweli, apumzike kwa amani."

"Na yule aliyekuwa akibishana naye?"

"Yupi?"

"Yule asemaye."

Rutashobya akapunga mkono kama afukuzaye inzi. "Aa, hiyo ni ndoa ya Shimba. Ana miaka kumi na mmoja akimtafuta huyo bwana. Wasukuma na subira yao! Mwanafunzi wa hesabu haulizi aliyegundua hesabu aligombana na nani siku hiyo."

Kashindye akamwonyesha kile kipande cha karatasi. "Unakijua?"

Msomi akakichukua, akakigeuza, akatoa kalamu ya wino. "Unataka niandike namba yangu ya simu?"

"Kirudishe, tafadhali."

Inspekta akavuta rejista ya Jumatano. Pembeni ya jina la Rutashobya, kwa mwandiko mdogo wa Sabina, palikuwa na maneno ya hasira iliyotunzwa: *Kaliacha mezani, limefunguka, jalada juu. Kakumbushwa mara ya tatu.*

"Baada ya Jumatano, ulilihitaji tena daftari?"

"La nini?" Rutashobya alisimama na kufunga kifungo cha koti. "Nilinakili kurasa mbili zenye hoja. Ndizi nimekwisha kula, Afande. Ganda nikaliibe?"

Maneno hayo yalikuwa na majivuno, lakini hayakuwa na uongo. Kashindye alibaki peke yake na rejista, na kazi ikawa nyepesi kuitaja ingawa nzito kuifanya. Yupo mtu ambaye ganda kwake lina thamani kuliko ndizi. Ambaye hutaka kujua mgomba ulipandwa na nani, ukapakana na shamba la nani. Mtu huyo akitoa kitu katika kasha, mkono wake huweka alama hata kabla kichwa hakijaamua.

Dokta Shimba aliingia saa tano na nusu. Alikuwa mwembamba, kola ya shati imegeuzwa ili idumu, na kabla ya kuketi alikwenda kwenye beseni lililo mlangoni akanawa mikono na kuikausha, kidole kwa kidole. Mezani hapakuwa na hati hata moja ya kushikwa.

"Mwangaluka, ngosha," alisema, akimwamkia kwa Kisukuma kama mwanamume mwenzake wa nyumbani.

"Habari za asubuhi, Dokta." Kashindye aliuacha Usukuma nje kwa makusudi. "Mwenzako ameniambia kwamba Mwalimu Masalu alikuwa mtetezi wa soko huria, miaka arobaini kabla ya serikali kuamka."

Uso wa Shimba ukakunjamana. "Mhaya yule akisoma kurasa mbili, ya tatu anataka kuifundisha."

"Kwa hiyo amekosea?"

"Amefanya vibaya kuliko kukosea. Masalu hakulijua soko huria. Halikuwa kinywani mwake wala mwa jirani yake. Huwezi kumshika marehemu mkono ukampeleka kwenye mkutano ambao hakualikwa, ukamwambia, haya, babu, tuunge mkono."

"Lakini mimi ni askari, Dokta, napenda jibu fupi. Alichosema kilikuwa kweli au si kweli?"

"Hilo si swali!"

"Mwenzako anasema ndilo swali pekee."

"Ndiyo maana hajui alichosoma!" Shimba alikuwa amesogea mpaka ukingoni mwa kiti. "Maneno hayaoti hewani. Swali ni, alikuwa akisema na nani, mwaka gani, baada ya kuumizwa na nini. Mtenge mtu na yule anayemjibu, utabaki na nusu ya ugomvi, kisha utauita nadharia. Anasema wanunuzi wawe wengi. Vema! Mbona kurasa nne kabla ya hapo anazungumza juu ya mizani tu? Kwa sababu anayebishana naye alisimama nyuma ya mizani hiyo! Shemeji yake anamwambia: wanunuzi wakiwa wengi, wezi wa mizani nao watakuwa wengi, nami nawajua kwa kuwa nafanya kazi nao. Ndipo Masalu anamjibu: wawe wengi, lakini mizani iwe ya wakulima wenyewe. Ni ugomvi wa nyumbani, ngosha, wa watu waliokula sahani moja! Rutashobya amechukua wanunuzi, mizani akaitupa. Kesho atawasomea wakulima nusu ya jibu, nao watalipigia makofi."

Nje mtu alikuwa akiburuta dumu juu ya mawe.

Kashindye aliandika neno moja katika kitabu chake, polepole. Kisha akafungua droo akatoa jarida jembamba lenye jalada la kijani.

"Makala yako ya mwaka jana. Niliisoma jana, na niliifurahia. Ukurasa wa kumi na mbili." Akavaa miwani. "'Yule asemaye, bila shaka, ni bwana shamba wa Kiingereza.' Umeandika bila shaka."

Shimba hakulitazama jarida. "Mwanahistoria hubadili msimamo akipata ushahidi."

"Ni sifa njema. Umeupata lini?"

"Katika... nilipolisoma upya daftari."

"Mara ya mwisho ulilishika lini?"

"Jumanne iliyopita. Rejista iko hapo, angalia."

"Nimeangalia. Jumanne, mpaka saa nane." Kashindye akafungua kifungo cha mfuko wa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka kati yao. "Asubuhi hii nilimwomba Sabina aandike jina ambalo mimi mwenyewe sikutaka kulisikia. Alilipata katika barua ya mjane wa marehemu. Hakuna mtu mwingine aliyeonyeshwa barua hiyo. Ikunjue, Dokta."

"Ikunjue wewe."

Inspekta akaikunjua, akasoma kwa sauti isiyopanda wala kushuka: "'Chenge. Kaka yake mama Rebeka. Karani wa mizani.'" Akaigeuza ili msomi aione. "Kaka wa mke. Kwa Mwalimu Masalu, shemeji. Barua hii ilishuka melini Jumatano saa kumi alasiri, Dokta. Jumanne yako haikuwa imekutana nayo."

Mikono ya Shimba, ile aliyoinawa, ilikuwa imetulia juu ya meza kama vitu vilivyosahauliwa na mtu mwingine.

"Nilitaka kuhakiki neno moja tu," alisema hatimaye. "Alhamisi. Angerudi na ndoo baada ya dakika tano, na kuomba kwa utaratibu ni nusu saa. Funguo zilikuwa pale. Nikalitoa, nikaweka karatasi mahali pake."

"Kwa nini uliiweka?"

"Ukitoa kitu, unaacha alama. Tulifundishwa hivyo." Alisema kama mtu anayeulizwa kwa nini huvua kofia kanisani. "Kisha barua ikaanguka. Miaka kumi na mmoja, ngosha. Nimekwenda Nansio mara tatu, mama yule akinipa samaki na kunyamaza. Nilipofika kwenye jina la Chenge nikasikia ndoo mlangoni. Nikafunga kasha. Daftari lilikuwa limekwisha kuingia chini ya shati."

"Ijumaa?"

"Nilikuja nilirudishe. Nikakuta askari."

"Na askari hakuwa na masikio?"

Shimba akainamisha kichwa. "Nilisema, acha kesho ipite. Nisimame mbele ya wale watu na barua mkononi, niwasomee jibu zima. Jumatano ningelirudisha. Nilidhani Sabina mtamwachia. Kila mtu anamjua Sabina."

"Umemtafuta marehemu miaka kumi na mmoja ili asisingiziwe," alisema Kashindye, "na hilo ni jema. Lakini mwenye barua amelala sakafuni siku mbili kwa kosa lako, nawe ulikuwa chumbani ukiisoma barua yake. Liko wapi?"

"Nyumba ya wageni. Chini ya godoro... hapana, juu ya kabati, limelazwa, ndani ya shati safi." Alipoinuka, sauti yake iligeuka ombi. "Mwambie askari wako asilikunje."

Saa saba na dakika ishirini mwendesha mashtaka alikuwa amepokea maelezo mapya, na shauri la Sabina likaondolewa kabla jina lake halijaitwa. Kashindye alimsubiri ofisini. Juu ya meza palikuwa na daftari jeusi lenye kona zilizolika, na kando yake jozi ya viatu vya mwanamke, ambavyo alikwenda kuvichukua stoo ya mahabusu yeye mwenyewe.

Sabina alivipita viatu. Akaomba maji, akanawa, ndipo akagusa daftari. Alihesabu kurasa mpaka ya mwisho, midomo ikienda. Akaikuta barua, akaisoma mstari mmoja kuhakikisha ni yenyewe, akairudisha.

"Limetunzwa," alisema.

"Na Dokta Shimba."

Sabina akalifunga daftari kwa kiganja. "Nilikuwa nimwonyeshe yeye wa kwanza," alisema. "Ijumaa."

Kashindye akasema lililokuwa lake kusema. "Mama Sabina, nilikukamata kwa haraka. Nilikuwa na kitu cha kweli mkononi, nikakitumia kabla ya kuuliza kimetoka wapi. Kosa ni langu, na nimeliandika katika jalada kwa jina langu. Sasa daftari hili ni kielelezo. Sheria inataka libaki hapa mpaka kesi iishe."

"Libaki," alisema Sabina.

Akavuta karatasi nyeupe iliyokuwa mezani, akaikunja, akaichana kwa ukingo wa rula mpaka ikatoka kipande kirefu kama kidole. Akachukua kalamu ya risasi.

"Jina lako kamili?"

"Unalijua."

"Ninalijua. Litaje."

"Revocatus Kashindye."

Akaandika. Akaandika tarehe, namba ya kasha, na namba ya daftari. Chini yake akapiga mstari, akamgeuzia karatasi pamoja na kalamu.

"Tia sahihi," alisema. "Ile nzuri. Kama ya Jumamosi."

Kashindye akatia sahihi. Sabina akaikagua herufi kwa herufi, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga. Kisha akaketi, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akavaa viatu vyake.